Karl Drais, jamaa wa fremu ya mbao

Blackmamba ya mtaani ina fremu ya mabomba ya chuma. Lakini fremu ya kwanza ilikuwa mbao, na msee aliyeitengeneza alikufa fukara.

Karl Drais alizaliwa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka wa 1785. Alikuwa ofisa wa misitu, kwa hivyo mbao alizijua.

Fremu yake ilikuwa boriti moja tu, imelazwa juu ya magurudumu mawili. Magurudumu pia mbao, yamevishwa pete za chuma kama ya mkokoteni. Usukani upo, pedeli hakuna: unakalia boriti, unasukuma ardhi kwa miguu. Kilo 22 hivi! Juni 12, 1817 alitoka nayo Mannheim, akaenda na kurudi kilomita 13 hivi, chini ya saa moja.

Barabara zilikuwa mbovu, waendeshaji wakavamia njia za wapita kwa miguu, na kabla mwaka kuisha Mannheim ikapiga marufuku. Januari 1818 akapewa hataza, ila nje ya jimbo lake la Baden haikumsaidia. Mafundi wakaiga tu. Denis Johnson wa London aliipinda boriti katikati ili magurudumu makubwa zaidi yaingie, akaongeza chuma. Wizi? Mimi naona hivyo.

Mapinduzi ya 1849 yalipofika, Drais alitupa cheo chake cha ubwanyenye, akataka kuitwa raia tu. Mapinduzi yakazimwa. Wafuasi wa mtawala walijaribu kumfungia kama mwendawazimu, pensheni yake ikachukuliwa kulipia gharama za mapinduzi.

Alifariki Desemba 10, 1851. Pedeli zilikuja Ufaransa miaka ya 1860.