MAMA SUSANNA WESLEY NA NYUMBA YAKE



Sisi wote tunajua jina la John Wesley, na nyimbo za mdogo wake Charles tunaziimba siku ya Mungu. Lakini ukiuliza habari ya mama yao, wengi wanakaa kimya. Mara hii tunawapa maisha ya huyo mama. Hakuwa tajiri, hakuwa mkubwa wa Kanisa. Kazi yake ilikuwa nyumbani. Tumemchagua juu ya manung'uniko yale tunasikia kila jioni mezani, kwamba bukari ni kidogo, sombe haina mafuta, na mtu mwenye njaa hawezi kuwa Mkristo mzuri.

Susanna alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1669. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa pasta. Mwaka 1662 alipoteza parokia yake juu alikataa kufuata kanuni mpya za Kanisa la serikali. Susanna alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto 25. Nyumba ile ilikuwa na vitabu vingi, naye alisoma sana. Alikuwa hajatimiza miaka 13 wakati alichagua mwenyewe kurudi katika lile Kanisa lililomfukuza baba yake. Hata hivyo baba aliendelea kumpenda.

Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, pasta kijana asiye na kitu. Kisha walipelekwa Epworth, kijiji cha wakulima katika jimbo la Lincoln. Alizaa watoto 19. Tisa walikufa wangali wadogo, wakabaki 10: wavulana watatu na wasichana saba.

Mshahara wa bwana haukutosha. Alijua vitabu kupita kulima, na madeni yalimfuata kila mahali. Tena watu wengine wa kijiji walimchukia juu ya mambo ya siasa. Ng'ombe zao zilichomwa visu, na watoto walikosa maziwa. Mwaka 1705 pasta alitiwa katika gereza la Lincoln kwa deni lisilofika pauni 30. Mama Susanna alibaki na watoto, bila makuta. Alivua pete zake akamtumia bwana kule gerezani ili aziuze. Bwana akazirudisha. Askofu mkuu mmoja aliyewasaidia alimuuliza kama walikosa mkate kweli. Mama alimwambia hawakuukosa kabisa, lakini taabu ya kuupata na ya kuulipa ilikuwa nyingi hata ladha yake ilipotea. Wandugu, mtoto wa mama anayeuza makala sokoni anaelewa neno hili bila mwalimu.

Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba ilishika moto. Mama alikuwa na mimba kubwa. Alipita katikati ya moto kwa miguu, uso na mikono ikaungua. Nje walihesabu watoto, John hayuko. Alikuwa na miaka mitano, amebaki juu dirishani. Mtu mmoja alipanda juu ya mabega ya mwenzake, wakamvuta nje, na papo hapo paa ikaanguka. Vitabu, nguo, vyote viliteketea.

Watoto walitawanywa katika nyumba za watu mpaka nyumba mpya ya matofali ilipojengwa. Waliporudi, walikuwa wameshika tabia mbaya: maneno machafu, michezo siku ya Mungu. Mama hakulia juu ya vitu vilivyoungua kupita alivyolia juu ya tabia iliyoharibika. Akaanza upya, kwa kuimba zaburi asubuhi na jioni.

Masomo ya watoto yalikuwa pale pale nyumbani, na mwalimu ni yeye. Walisoma saa sita kila siku, saa tatu asubuhi na saa tatu kisha chakula. Mtoto alianza akitimiza miaka mitano, na siku ile ile alifundishwa alfabeti yote. Karibu wote waliijua jioni, wawili tu walihitaji siku moja na nusu. Kesho yake walifungua kitabu cha Mwanzo, mstari wa kwanza.

Sheria zake zilikuwa chache. Watoto wale chakula kile kimewekwa, pasipo kuombaomba jikoni. Asiguse mtu kitu cha mwenzake, hata sindano. Ahadi ishikwe. Mtoto akikosa, akasema kweli na kukubali kujirudi, hapigwi. Na kosa likisha kuhukumiwa, hakuna kulirudia. Sisi makapita wa nyumba za kulala tunapaswa kujipima na sheria hizo mbili za mwisho. Mara ngapi tumemwadhibu yule aliyesema kweli, na mwongo akalala salama?

Kuna sheria nyingine, wadada wasikilize vizuri: msichana asifundishwe kushona na kazi za nyumba mpaka ajue kusoma vizuri kabisa. Ni zaidi ya miaka 300 imepita. Lakini tangu tuingie katika kalasi ya kwanza tumeona wadada wangapi wakirudishwa nyumbani, makuta yakabaki kwa kaka yao? Mama Susanna alikuwa maskini kama wazazi wetu, lakini aliwafundisha mabinti zake kusoma.

Kila jioni alitenga saa ya kukaa na mtoto mmoja peke yake, kumuuliza habari ya roho yake. Siku ya nne ilikuwa ya John. John alipokuwa mtu mzima, mwalimu katika chuo cha Oxford, aliandikia mama akitamani bado saa ile. Na yeye mwenyewe alitenga saa ya kuomba asubuhi na jioni. Inasimuliwa kwamba alipokosa chumba alijifunika kichwa na aproni, na watoto walijua wasimsumbue.

Wakati wa baridi, mwaka 1711 kuingia 1712, bwana alikuwa London kwa mikutano ya Kanisa. Siku ya Mungu jioni mama aliwasomea watoto na watumishi mahubiri na sala. Majirani wakaja, kwanza 30, kisha kama 200. Msaidizi wa pasta alikasirika, akaandika barua ya mashtaka. Bwana akamwomba mke aache. Mama akajibu kwamba kama ni kuacha, bwana aamuru wazi, ili hesabu ya roho zile iwe juu yake mbele ya Mungu. Bwana hakuamuru.

Hatusemi hakuwa na makosa. Alikuwa mkali, hata mtoto wa mwaka mmoja alifundishwa kuogopa fimbo. Na mabinti zake kadhaa, pamoja na elimu yao, hawakupata furaha katika ndoa. Nyumba nzuri haizuii kila machozi.

Bwana alikufa mwaka 1735, akaacha madeni. Mama akakaa kwa watoto wake, mwisho kwa John London, katika jengo lililokuwa kiwanda cha mizinga. Pale John alitaka kumkataza kijana mmoja, Thomas Maxfield, asihubiri, kwa kuwa hakuwekewa mikono. Mama akamwambia amsikilize kwanza na kupima matunda. John alisikiliza, akamwacha ahubiri. Ndivyo njia ilifunguka kwa wahubiri wasio mapasta, wale wanaotembea mpaka leo katika vijiji vyetu.

Alikufa Julai 1742. Alikuwa ameomba watoto wakiona ameondoka waimbe zaburi ya sifa. Wakaimba.

Wandugu, sisi wa kalasi ya mwisho tunatoka mwaka huu. Wengine watapata kazi, wengine hapana, lakini karibu wote tutakuwa na nyumba. Mama huyu hakungoja makuta ndipo aanze. Alianza na meza, kitabu kimoja, na saa moja kwa kila mtoto. Jioni hii tukiketi mbele ya sombe yetu, tushukuru, kisha tumkumbuke mama aliyelipa masomo yetu kwa taabu.

Mungu atubariki sote.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho