John DeLorean: Mhandisi aliyewaachia wanunuzi wa Pontiac GTO kitendawili

MTU anayenuia kununua gari la Pontiac GTO lililoundwa mwaka wa 1964 au 1965 hukumbana na tatizo ambalo wanunuzi wa magari mengine mengi ya kale hawalijui. Nambari iliyopigwa kiwandani na kubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva haimwambii iwapo gari lililo mbele yake ni GTO halisi au ni LeMans ya kawaida iliyovishwa nembo za dukani. Tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni kubwa mno. Aliyechangia pakubwa kuzaliwa kwa kitendawili hicho ni John Zachary DeLorean, mhandisi wa Detroit aliyeaga dunia mwaka wa 2005 akiwa na umri wa miaka 80.

Wengi humkumbuka kwa gari lililobeba jina lake, lile la milango inayofunguka kama mbawa ambalo filamu ya Back to the Future ililipa umaarufu duniani mwaka wa 1985. Hata hivyo, kazi iliyomjengea sifa miongoni mwa wenzake aliifanya miaka 20 na zaidi kabla ya filamu hiyo.

DeLorean alizaliwa Detroit mnamo Januari 6, 1925. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Romania aliyetoa jasho katika viwanda vya Ford, na mamake alikuwa mwenye asili ya Hungary. Ndoa yao haikuwa na utulivu, na ilivunjika mwaka wa 1942. Kijana huyo alisomea shule ya ufundi ya Cass, akapata ufadhili wa kuendelea na masomo ya juu, akaitwa jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akarejea kukamilisha shahada ya uhandisi mwaka wa 1948. Alipitia Chrysler na Packard kabla ya kujiunga na Pontiac, tawi la General Motors, mwaka wa 1956.

Pontiac ya wakati huo ilihesabiwa kuwa gari la wazee. Mkuu wake, Semon Knudsen, aliamua kuwavuta vijana kupitia mashindano ya mbio, na mpango huo ulikuwa ukizaa matunda hadi Januari 1963, General Motors ilipoyaamuru matawi yake yote yajiondoe katika mbio. DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac tangu 1961, alijikuta na injini zenye nguvu zisizokuwa na mahali pa kuonyeshwa.

Jibu lilikuwa karibu. Pontiac ilikuwa na gari la wastani lililoitwa Tempest, ambalo injini yake ya inchi za ujazo 326 ililingana kwa umbo la nje na ile kubwa ya inchi 389, yaani takriban lita 6.4. Wahandisi Bill Collins na Russ Gee walishirikiana na DeLorean kuitoa ile ndogo na kuitia kubwa, ikaingia bila kusukumana. Kikwazo kilikuwa sheria. Makao makuu yalikataza injini yoyote iliyozidi inchi 330 katika magari ya ukubwa huo. Hapo ndipo ujanja ulipoingia. Kanuni hiyo iliyalenga magari mapya yaliyohitaji idhini ya wakubwa, bali vifaa vya ziada ambavyo mteja angeweza kuagiza havikuhitaji idhini hiyo. Basi GTO haikuandikwa kuwa gari. Iliandikwa kuwa kifurushi cha nyongeza juu ya LeMans, kwa bei ya karibu dola 300. Hata jina lilichukuliwa kwa Ferrari bila ya kubisha hodi.

Idara ya mauzo ilikubali kwa shingo upande kuuza magari 5,000. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa 32,450. Mwaka wa 1965 yalipita 75,000, na 1966 yakakaribia 97,000. Aina hii ya magari, ambayo Wamarekani huyaita magari yenye misuli, ikawa na soko lake.

Kwa kuwa GTO ya miaka miwili ya kwanza ilikuwa kifurushi tu, nambari yake ni ya LeMans. Ni mwaka wa 1966 tu ilipopewa nambari zake yenyewe, zinazoanza na 242. Mnunuzi wa gari la kabla ya hapo hana budi kuanza na karatasi, wala si rangi. Kumbukumbu za Pontiac za kila gari zilihifadhiwa, na shirika la Pontiac Historic Services hutoa nakala zinazoonyesha gari liliagizwa na vifaa gani. Baada ya karatasi huja injini yenyewe. Kwa vile ile ya 326 na ile ya 389 hufanana kwa sura, jicho pekee halitoshi. Alama zilizogongwa sehemu ya mbele ya bloku, upande wa kulia, ndizo husema ukweli. Kabureta tatu zilizopangwa kwa safu hupendeza, lakini ni rahisi kuzifunga juu ya injini yoyote ya Pontiac.

Kutu nayo haina heshima kwa jina. Hujificha chini ya kioo cha nyuma, kwenye sakafu ya buti, sehemu za chini za mabawa ya nyuma, na katika fremu. Sumaku iliyofungwa kitambaa ikikataa kushika, pana rojo chini ya rangi. Breki vilevile zitazamwe kwa makini, kwani GTO ya 1964 ilikuwa na breki za drami katika magurudumu yote manne, kwa injini ya nguvu za farasi 325 na zaidi. Breki za diski hazikupatikana hadi 1967.

Inafaa kukumbukwa kwamba udanganyifu haukuanza na walanguzi wa leo. Gari ambalo jarida la Car and Driver lilipewa kulijaribu mwaka wa 1964, na likashangazwa na kasi yake, lilikuwa limetiwa kisirisiri injini ya inchi 421. Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyelisimamia, alikiri hayo miaka mingi baadaye.

DeLorean alipanda ngazi haraka. Alikuwa mkuu wa Pontiac mwaka wa 1965 akiwa na miaka 40, mkuu wa Chevrolet 1969, kisha mwaka wa 1973 akajiuzulu kwa mshangao wa wengi. Kiwanda chake cha Dunmurry, karibu na Belfast, kilijengwa kwa pesa za serikali ya Uingereza, kikatoa magari yapatayo 9,000, na kikawekwa chini ya mrasimu Februari 1982. Oktoba mwaka huo alikamatwa Los Angeles kwa madai ya biashara ya kokeini. Mahakama ilimwondolea hatia Agosti 1984, ikiaminiwa kuwa maafisa wa serikali ndio waliomtegea mtego. Mnamo 1986 aliachiliwa tena katika kesi ya ulaghai mjini Detroit. Mashtaka yalikwisha, lakini hakuunda gari jingine, na mwaka wa 1999 alitangazwa kufilisika.

Alifariki Machi 19, 2005, jimboni New Jersey, kwa kiharusi, na akazikwa Michigan. Pontiac yenyewe ilifungwa na General Motors mwaka wa 2010. Zile karatasi za maagizo zingalipo, na muuzaji anayekataa mnunuzi aziitishe kabla ya pesa kutoka mfukoni huwa amekwisha jibu swali.