Mtumishi wa Hospitali Aliyechora Chui kwa Rangi ya Baiskeli

Mwisho wa kusi nilikuwa Matondoni, nimekwenda kutazama chombo cha jamaa yangu kilichopandishwa pwani kukalafatiwa. Asiyekijua kijiji hicho na akijue: kiko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kimekabili mikoko, na kazi ya watu wake tangu zama za mababu ni kuunda vyombo, na ya wake zao ni kusuka mikeka. Huko hata mtoto wa miaka saba akisikia nyundo ya kalafati hukwambia ni pamba inayoingia vizuri au ni pamba inayodanganywa.

Penye mashua ya pili kutoka yetu nilimkuta kijana amekaa kitako mchangani, kopo la rangi baina ya magoti, akipamba tezi. Si fundi wa rangi. Kazi yake ni kuvua, na uchoraji ni wa saa zake za mapumziko, hapana anayemlipa. Alikwisha kuchora kilua, majani yake na kikonyo chake, na ungedhani ukisogeza pua utakipata kinanukia. Kando ya kilua alianza yangeyange, yule ndege mweupe anayesimama juu ya mikoko maji yakipwa. Na hapo ndipo paliponuka, kwa kuwa wazee wawili walikwisha pita wakamwambia kilua na kibaki, ndege na afutwe. Kijana akaniamkia, akaniuliza mimi nasemaje, ati kwa kuwa naandika magazetini.

Mimi si mufti, na fatwa sina. Lakini swali lake nalijua tangu utoto. Nikiwa chuoni, mimi mwenyewe nilichora kunguru pembeni mwa ubao wangu, kwa wino ule ule wa masizi tulioandikia aya. Mwalimu wangu hakunipiga. Aliniamuru niuoshe ubao wote, aya na kunguru pamoja, kisha niandike tena kutoka mwanzo, na siku ile nilirudi nyumbani jua limekwisha tua. Kwa hivyo sikumjibu kijana kwa ndiyo wala la. Nilimsimulia habari za mtu mmoja ambaye naye alianza kuchora katika saa zake za mapumziko, na leo jina lake latajwa Tokyo na London, ilhali wengi wetu tunaolitamka hatujui kama lilikuwa jina la mtu.

Sisi tukisikia tingatinga twafikiri trekta, lile dude la kuchimbua barabara. Walakini Edward Saidi Tingatinga alikuwa binadamu, mwana wa wakulima, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, karibu na mto Ruvuma. Tazama jina lake lilivyo: Edward upande huu, Saidi upande huu. Kusini kule dini hizi mbili hukaa nyumba moja na hula sahani moja, na mtu huweza kubeba majina ya pande zote mbili asione uzito. Elimu yake ya shule haikwenda mbali. Nchi yenyewe ilikuwa ya jembe la mkono na mvua, na kijana aliyetaka shilingi hakuwa na budi kuifuata iliko.

Na shilingi za wakati ule zilikuwa katika katani. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi ya mashamba ya mkonge kama walivyokwenda maelfu wa kusini. Sitakawia hapo, kwani kila mwenye mjomba aliyepita Tanga ayajua maisha ya kambi za mkonge. Kabla muongo ule haujaisha alihamia Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja wa serikali ya kikoloni. Uhuru wa Tanganyika ulipokuja mwaka 1961, kazi za namna ile zikaanza kupungua, naye akaingia katika vibarua hivi na hivi, leo kuna, kesho hakuna.

Basi miaka ikapita, na mtu huyu alikuwa hajachora kitu cha kuuzwa. Nasisitiza neno hili kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba asiyeanza utotoni hawezi tena. Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, umri wake miaka 36, hakupita mbele ya mwalimu yeyote wa sanaa. Yasimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, akazitazama sana, akajisemea kuwa hata yeye aweza. Wengine husema kwamba mkono ule ulitoka nyumbani, maana katika kabila la Wamakua na jirani zao wa kusini ilikuwapo desturi ya kuchora kuta za nyumba za udongo. Mimi naona yote mawili yaweza kuwa kweli.

Sasa njoo katika vifaa, kwa kuwa hapa ndipo kijana wa Matondoni alipoliweka kopo lake chini akasikiliza. Turubai za wachoraji wa Ulaya na rangi zao za vijibomba vilikuwa ghali, na mtu wa vibarua hakuweza kuvigusa. Tingatinga alichukua ubao mwembamba wa dari, ule unaopigiliwa juu ya vyumba, akaukata mraba wa kama futi mbili kwa mbili. Akanunua rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, ile inayong'aa, ambayo kila duka la vyuma huuza. Kwanza hupaka ubao mzima rangi moja, ukakauka. Kisha katikati humweka mnyama mmoja: chui, simba, tembo, au ndege juu ya tawi lenye majani na maua. Hapana milima nyuma, hapana kivuli, wala mbali na karibu. Mnyama amejaa ubao mzima, madoa yake yamepangwa moja moja kwa subira kama mtu anayetunga shanga, na jicho lake kubwa lakutazama wewe.

Aonaye picha hizo mara ya kwanza huweza kucheka akasema hii ni kazi ya mtoto. Mimi nilicheka. Nilikuwa kijana, Mombasa, katika duka la vitu vya watalii, nikaona chui aliyechorwa kwa mtindo huo akinitazama kutoka ukutani. Niliporudi siku ya pili, nikidhani nimefuata jambo jingine, nilijikuta nimesimama pale pale. Ilikuwa kazi ya wanafunzi wa wanafunzi wake, si yake, lakini asili ya jicho lile ilikuwa yake. Wachoraji waliosoma hujitahidi kuchora ngozi ya chui ilivyo. Tingatinga alichora vile chui anavyokumbukwa na mtu aliyepata kuhofia kukutana naye njiani.

Picha zake zilipangwa chini ya mbuyu, penye maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay walikokaa wageni na wakubwa. Siku hizo biashara ya sanaa Dar es Salaam ilikuwa ya vinyago vya Wamakonde, na mgeni aliyetaka kumbukumbu alirudi kwao na kinyago cha mpingo. Mara akaona kando ya njia ndege wekundu na tembo wa buluu wanang'aa kama wameloa mvua, na bei yao ni ndogo. Akanunua. Alipoona picha zinakwenda, Tingatinga akawaita jamaa zake wa kusini, akawaonyesha kazi, nao wakakaa pamoja naye chini ya mti ule ule. Mkewe alisaidia kuuza. Shirika la serikali lililosimamia sanaa likaanza nalo kuzichukua picha.

Pamoja na hayo yote hakuacha ajira. Alipata kazi ya utumishi katika hospitali ya Muhimbili, na kuchora kukabaki kazi ya baada ya kazi. Mchana yuko wodini na wagonjwa, akitoka huko ndipo huinamia ubao wake. Nimelifikiria sana jambo hili. Wako watu huidharau kazi ya namna hiyo, wakaiita mchezo wa kupotezea wakati, wakisema lau mtu angekuwa mchoraji kweli angeacha mengine yote. Ni rahisi kusema hivyo kwa mwenye chakula cha kesho. Tingatinga alikuwa na mke na watoto.

Kisha ukaja mwaka 1972. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari pamoja na wenziwe, na polisi walikuwa wakiwasaka wahalifu. Gari lile likadhaniwa ndilo la wahalifu, risasi zikapigwa, na Tingatinga akafa. Umri wake ulikuwa miaka 40. Hakuwa mwizi, wala hakuwa akitafutwa kwa kosa lolote. Ilikuwa ni makosa, na makosa ya bunduki hayana masahihisho. Miaka yote aliyopewa ya kuchora haikuzidi minne. Nilipofika hapa kijana aliinamisha kichwa, na hata fundi aliyekuwa akikalafati upande wa pili akasita nyundo yake.

Wanafunzi wake waliobaki chini ya mbuyu hawakutawanyika. Walishika mtindo wa marehemu, wakafundisha ndugu zao na watoto wao, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikasimama rasmi. Mmoja wao, Simon Mpata, ambaye alikuwa jamaa yake, alivuka akaja kwetu Kenya, akakaa Nairobi, akafariki mwaka 1984. Wajapani walizipenda mno picha zake, hata hoteli moja huko Maasai Mara ikapewa jina lake. Mtindo wenyewe umebadilika kwa muda huo wote. Pale ambapo mzee aliweka mnyama mmoja na ukimya pembeni yake, wafuasi hujaza ubao mzima: pundamilia, twiga, kanga, samaki, soko, harusi, mpaka jicho halina pa kupumzikia. Soko ndilo lililotaka hivyo, na mwenye njaa halaumiwi kwa kulisikiliza soko. Ila mimi, kwa moyo wangu, ningali nampendelea chui mmoja.

Jina nalo likawa mali ya kila mtu. Picha zilizotiwa sahihi yake zilianza kupatikana nyingi kuliko alivyoweza kuchora mtu kwa miaka minne, kwa kuwa za kwake za kweli zilipata bei kubwa ng'ambo, na waghushi hawakulala. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ikaanza kuonyesha hadithi za watoto zenye wanyama wa mtindo huo, zilizotengenezwa Nairobi, na jina la Tingatinga limo katika anwani yake. Watoto wetu hapa Lamu wamezitazama. Ukimwuliza mmoja wao Tingatinga ni nani, hukutajia tembo.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalirudia swali lake, na ilikuwa haki yake. Habari za mtu wa Dar es Salaam haziondoi hukumu ya dini. Nikamwambia ninalolijua, ambalo wasomaji wangu wengi walijua pia: kwamba yamepokewa masimulizi ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas akamweleza kuwa riziki yake yatokana na mikono yake, naye ni mchoraji wa sura, Ibn Abbas akamtajia onyo la Mtume, rehema na amani zimshukie, kisha alipomwona mtu yule amebadilika uso kwa hofu, akamwambia kama hana budi na achore miti, na kila kisicho na roho. Kwa ajili ya hayo milango yetu ya Lamu imejaa maua na majani na mizunguko, na hutakuta swala wala ndege juu ya kizingiti. Maua yetu yana asili yake, na asili hiyo ni uchaji.

Lakini fundi aliyekuwa akikalafati, mzee wa makamo, aliingilia hapo akatukumbusha mtepe. Ile mitepe iliyoshonwa kwa kamba, iliyoundwa na mababu katika visiwa hivi mpaka karne iliyopita, omo yake ilikuwa na kichwa, nao walikuwa wakisimulia kuwa ni kichwa cha ngamia wa Mtume. Na kichwa kile kilitiwa macho kwa rangi. Je, waliokitia macho hawakusoma? Au chombo kilihitaji kuona njia? Hatukupatana. Mmoja alisema pambo la chombo si sawa na sura ya kutundikwa nyumbani, mwingine akasema hizo ni hila za nafsi, na wanavyuoni wetu wenyewe wamehitilafiana katika mengi ya mlango huu. Mimi nilisema kijana amwendee imamu wa msikiti wake, si mwandishi wa gazeti.

Akaniuliza jambo moja la mwisho, nalo halikuwa la dini. Alitaka kujua madoa ya chui Tingatinga aliyapaka rangi ya chini ikiwa bado mbichi au imekwisha kauka. Nikamjibu kuwa hungoja ikauke, vinginevyo rangi zingeingiana. Akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akilidhania hilo.

Nilipopanda mashua kurudi mjini, jua lilikuwa limeinama juu ya mikoko. Kilua kilikuwa kimekamilika. Yangeyange naye alikuwa amesimama pale kwenye tezi, mguu mmoja juu, mbawa zake zimekauka, ila mahali pa jicho palikuwa bado mbao tupu. Kijana alikuwa akiosha burashi yake kwa mafuta ya taa, akimngoja babake atoke kuswali magharibi.