Babu na vyama vyake

Kwetu Katonga, Kigoma, diwani akihama chama leo, kesho mwaloni ni msaliti. Wana, kabla hatujatukana, tumkumbuke Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar.

Huyu mzee alizaliwa 1924. Akiwa London miaka ya 1950 akaiva kwenye ujamaa wa Marx. Mwaka 1957 akarudi kuwa katibu mkuu wa ZNP, yaani Hizbu. Mwaka 1963 akaona chama hakiwabebi wanyonge, akatoka na kuanzisha Umma Party. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 akawa waziri, na Umma yake akakubali imezwe na ASP.

Hapo alinoa. Chama kikibaki kimoja, ukikosana na wakubwa huna pa kukimbilia. Karume alipouawa Aprili 1972, Babu alishukiwa, akawekwa kizuizini bara miaka 6, na Zanzibar ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo mahakamani. Alitoka 1978, na mwaka 1981 kikatoka kitabu chake cha kuukosoa ujamaa wetu, akiwa bado mjamaa. Vyama vingi viliporudi akajiunga na NCCR-Mageuzi, chama kilichokuja kupata wabunge 4 mkoani kwetu mwaka 2010. Yeye hakuyaona hayo; alifariki London Agosti 1996.

Kwa hiyo diwani akihama, tumuulize kwanza amebeba nini kutoka kule. Babu alibeba imani ileile, na aliilipia. Akijibu posho, basi mwaloni wako sahihi.