Araki Kodo, Mpiga Filimbi wa Japani

Katika nchi ya Japani kuna filimbi ya mwanzi iitwayo shakuhachi. Urefu wake ni sentimeta 54 hivi. Ina matundu matano: manne mbele, na moja nyuma kwa kidole gumba. Si rahisi kuipiga. Mtu huweza kupuliza siku nyingi asipate hata sauti moja iliyo safi.

Zamani filimbi hiyo haikuwa ya kila mtu. Kwa sheria ilikuwa ya watawa fulani wa dini ya Buda. Watawa hao walizunguka mijini na vijijini, wamefunika kichwa chote kwa kikapu, uso usionekane, wakipiga filimbi na kuomba sadaka. Kwao kupiga filimbi kulikuwa namna ya kusali. Mmoja wao, Kurosawa Kinko, aliyekufa mwaka 1771, alikusanya nyimbo zao zaidi ya 30 kusudi zisipotee. Nyimbo hizo ndizo alizojifunza Araki.

Araki alizaliwa mwaka 1823. Mwalimu wake aliitwa Toyoda Kodo, naye Araki akarithi jina hilo la Kodo. Akawa fundi wa kupiga, fundi wa kuchonga filimbi, na mwalimu wa watu wengi.

Mwaka 1868 utawala wa kale wa Japani ulianguka. Serikali mpya haikuwapenda wale watawa, maana utawala wa kale uliwapa ruhusa nyingi, na wengine walishukiwa kuwa wapelelezi. Mwaka 1871 chama chao kikavunjwa, na filimbi nayo ilikuwa karibu kunyamaza kabisa. Araki alikuwa amekwisha kupita nusu ya maisha yake, na kazi yake ilikuwa hiyo. Yeye na mwenzake Yoshida Itcho waliiendea serikali, wakaomba shakuhachi iachwe, isiwe tena chombo cha watawa bali ya watu wote, kama vinanda vingine. Serikali ikakubali.

Hapo ikaja shida nyingine. Mtawa alipiga peke yake, akivuta sauti apendavyo. Wanafunzi wapya walitaka kupiga pamoja na koto, kinanda cha nyuzi 13, na shamisen, chenye nyuzi 3. Katika kupiga pamoja, mmoja akichelewa kidogo tu, wimbo wote huharibika. Basi Araki na mwanafunzi wake Uehara Rokushiro walitengeneza maandiko yaliyo bora: majina ya sauti, ro, tsu, re, chi, yakiandikwa toka juu kwenda chini, na kando yake alama za kuhesabu mapigo.

Uzeeni Araki alimwachia mwanawe jina la Kodo, yeye akajiita Chikuo, yaani Mzee Mwanzi. Alikufa mwaka 1908. Filimbi alizozichonga kwa mikono yake hutafutwa na wapigaji hata leo.