Georg Ohm, Mwana wa Fundi Kufuli

Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake, fundi wa kufuli, alijifundisha hisabati mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe. Ohm alipokuwa mwalimu mjini Cologne alijiundia vyombo, akapima nyaya za urefu mbalimbali. Mwaka 1827 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mkondo wa umeme huongezeka kadiri volti zinavyoongezeka, na hupungua kadiri ukinzani wa waya unavyozidi.

Wakubwa wa elimu walikibeza. Ohm akajiuzulu, akaishi kwa dhiki miaka kadhaa, lakini hakuikana kweli aliyoipima. Mwaka 1841 ndipo Royal Society ya London ilipomtunuku Nishani ya Copley. Alifariki Munich mwaka 1854.

Leo jina lake ndilo kipimo cha ukinzani: omu. Ndugu askari, tuseme uko katika doria ya usiku kati ya Lilongwe na Dzaleka, na taa ya gari lako, ikiwaka, inatumia volti 12 na ampea 4. Gawanya 12 kwa 4: ukinzani ni omu 3. Zidisha 12 kwa 4: nguvu ni wati 48. Ukiitilia taa hiyo fyuzi ya ampea 2, itaungua, nawe utabaki gizani. Hesabu iliyodharauliwa zamani ndiyo inayokuonya mapema.