Jimmy Hogan, Mwalimu wa Pasi

Wapenzi wengi wa kandanda wanalijua jina la Ferenc Puskás wa Hungaria. Ni wachache wanaomjua Mwingereza ambaye mafunzo yake yaliutangulia uchezaji ule wa pasi fupi uliomletea Puskás na wenzake sifa.

James Hogan, aliyezoeleka kwa jina la Jimmy, alizaliwa mwaka 1882 mjini Nelson, katika jimbo la Lancashire lenye viwanda vya nguo. Wazazi wake walitumaini angekuwa padre. Yeye akachagua mpira. Akiwa mchezaji kijana wa Burnley, siku moja alipiga mkwaju ukapaa juu ya goli. Alimwendea msimamizi wa timu kumwuliza kosa lilikuwa wapi: je, mguu ulikaa vibaya, au ni mwili ulioinama? Akajibiwa aendelee kupiga tu, kwa kuwa kufunga mara moja katika mara kumi kunatosha. Jibu hilo halikumridhisha. Tangu hapo alijifunza mwenyewe kuchunguza jinsi mguu unavyokutana na mpira.

Mwalimu mwanafunzi na atue hapa kidogo. Mtoto anayeambiwa arudie bila kuonyeshwa kosa lake hurudia lile lile, tena kwa bidii zaidi.

Siku hizo wachezaji wa Uingereza walifanya mazoezi ya kukimbia wiki nzima, wakanyimwa mpira makusudi ili siku ya Jumamosi wawe na hamu nao. Ni sawa na kumfundisha mtoto kusoma huku umemfungia kitabu kabatini. Hogan alitaka mazoezi yafanywe na mpira, na mwaka 1910 alikwenda Dordrecht, Uholanzi, kuwafundisha wachezaji ambao timu yake ya Bolton ilikuwa imewafunga mabao 10 kwa bila. Mwaka 1912 Hugo Meisl alimwita Vienna.

Vita vya mwaka 1914 vilimkuta huko, akakamatwa kama raia wa nchi adui. Baadaye klabu ya MTK ya Budapest ilimchukua, kwa sharti la kuripoti polisi mara kwa mara. Wachezaji wengi walikuwa vitani. Ikambidi aanze na vijana. Katika bustani moja ya mji aliwaona wavulana wawili wakicheza, György Orth na József Braun, akawachukua na kuwafundisha baada ya saa za shule. Wote wawili waliichezea timu ya taifa, na MTK ikatwaa ubingwa mfululizo hadi mwaka 1925.

Alichosisitiza ni mpira kutembea chini, kutulizwa vema, na miguu yote miwili kutumika. Kwa watoto wa darasa la pili jambo hilo latekelezeka hivi. Wapange wawili wawili, kila jozi na mpira wake (wa matambara pia wafaa), wakiachana hatua tano. Mguu wa kusimamia ukae kando ya mpira, kidole kikimwelekea mwenzake. Mguu wa kupiga ugeuzwe nje ili ubavu wa ndani uguse katikati ya mpira. Mpokeaji aurudishe mguu nyuma kidogo mpira unapomfikia, usije ukadunda na kumkimbia. Pasi ikipotoka, utazame kwanza mguu wa kusimamia, maana mara nyingi kosa liko huko. Kisha wabadili mguu.

Hogan alijua pia kwamba maneno hayatoshi. Alipokuwa akihutubia Ujerumani katika miaka ya 1920, lugha ilimtatiza na wasikilizaji wakaanza kucheka. Akavua viatu na soksi, akapiga mpira kwa mguu mtupu ukagonga ubao alioukusudia. Kicheko kikakoma. Mjini Dresden alimfundisha kijana Helmut Schön.

Kwao hakuthaminiwa sana; wapo waliomhesabu msaliti. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria iliifunga Uingereza mabao 6 kwa 3 uwanjani Wembley, na viongozi wa Hungaria wakatamka hadharani kwamba walijifunza kwake. Mzee mwenyewe alikuwa jukwaani, pamoja na vijana wa Aston Villa aliowapeleka kutazama.

Alifariki Januari 1974, akiwa na umri wa miaka 91. Mwezi Julai mwaka huo Schön aliiongoza Ujerumani Magharibi kutwaa Kombe la Dunia.